Mshororo Wenye Maji Katikati: Uhakiki wa Safari ya Baiskeli kutoka Mjimwema hadi Upanga

Safari ya baiskeli ya kwenda kazini imezoea kuhukumiwa kwa maudhui yake peke yake. Anayeisifu huhesabu nauli aliyookoa, foleni aliyoikwepa na kitambi kilichopungua. Anayeiponda hutaja jua, malori na shati linalofika ofisini likiwa limelowa mgongoni. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanaiacha kazi yenyewe bila kuisoma, sawa na mhakiki anayeorodhesha mafunzo ya utenzi bila kutuambia kwa nini mafunzo hayo yalihitaji beti. Fani ya safari hii haijaguswa. Ninachokusudia ni kuisoma safari moja mahususi kama matini iliyoundwa: ile inayoanzia Mjimwema, upande wa Kigamboni, ikavuka mlango wa bandari kwa pantoni, ikapita Posta na kuishia Upanga. Nimeichagua kwa sababu ndiyo ninayoiendesha, lakini zaidi kwa sababu umbo lake limekamilika kuliko la njia nyingine yoyote ya baiskeli ninayoijua Dar es Salaam, na msomaji aliyewahi kuingia kwenye pantoni akiwa ameshika usukani hatahitaji kushawishiwa sana.

Tuanze na muundo, kwa kuwa ndio unaotawala mengine yote. Watunzi wa mapokeo waliugawa mshororo wa shairi vipande viwili: ukwapi, wenye mizani nane na kina cha kati, na utao, wenye mizani nane nyingine na kina cha mwisho, na kati ya vipande hivyo waliacha pumzi fupi ambayo mghani hawezi kuiruka bila kuharibu kilichotangulia na kinachofuata. Kaluta Amri Abedi alizikusanya kanuni hizi katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha mwaka 1954, na ni sadfa ya kupendeza, wala sitaki kuifanya zaidi ya sadfa, kwamba mwandishi huyo huyo alikuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Safari yetu ina umbo hilo hilo. Barabara ya kutoka Mjimwema hadi Feri ni ukwapi. Mlango wa bandari ni pumzi. Kipande cha mjini, kutoka Magogoni hadi Upanga, ni utao. Urari wa vipande hivi hauko kwenye kilomita, maana ukwapi ni mrefu kwa mbali. Uko kwenye mzigo wa uangalifu: kile ambacho Kigamboni inakidai kwa miguu na mapafu, Posta inakidai kwa macho, masikio na vidole vilivyokaa tayari juu ya breki, na mwendeshaji akifika mwisho hawezi kusema ni upande upi uliomchosha zaidi. Muundo wa namna hii haupatikani ovyo. Atokaye Mbagala au Kimara huanza katika msongamano, huendelea katika msongamano na kumalizia katika msongamano, na hata anapofika mapema kuliko daladala, safari yake inabaki kipande kimoja kirefu kisicho na mahali pa kukatia.

Mizani ya mshororo huu ni pedeli. Baiskeli ninayoizungumzia ni ile kubwa nyeusi ya gurudumu la inchi 28, isiyo na gia za kubadilisha, yenye breki za vyuma vinavyopita chini ya usukani badala ya nyaya, keria nyuma na stendi ya miguu miwili. Iwe imeandikwa Phoenix ya Shanghai, au Hero na Avon za Ludhiana, nasaba yake ni ile ile, na inarudi hadi kwa Raleigh ya Nottingham. Baiskeli za gia ishirini na moja zina wapenzi wao, na sina ugomvi nao. Kwa uhakiki wa mizani, hata hivyo, hazifai, kwa sababu zinamruhusu mwendeshaji kubadili kipimo kila njia inapobadilika, na kipimo kinachobadilika kila wakati si kipimo. Baiskeli ya gia moja ina ukali wa arudhi. Chukua mfano wa meno 44 mbele na 18 nyuma: kila mzunguko kamili wa pedeli hulizungusha gurudumu mara mbili na karibu nusu, na gurudumu hilo, kwa mzingo wake wa mita 2.2 hivi, huisogeza baiskeli kiasi cha mita tano na nusu. Hakuna mzunguko mfupi wala mrefu kuliko huo. Mwendeshaji ana uhuru juu ya kasi ya kughani, hana uhuru juu ya urefu wa mizani, na kwa hiyo mwinuko mdogo kabisa, ambao dereva wa gari hajui kuwa upo, huingia mwilini mwake kama badiliko la mwendo wa usemi: maneno ni yale yale, ila sasa yanatamkwa polepole, kwa mkazo, na magoti yakishuhudia.

Kinyume cha mkazo huo ni kuachia, na hapa inafaa kukikaribia kifaa kidogo ambacho wahakiki wa barabara hawakipi haki yake. Ndani ya friwili, ile gia ya nyuma inayopokea mnyororo, mna vimeno viwili vilivyolala, kila kimoja kikisukumwa juu na springi nyembamba kama unywele. Mguu unapokandamiza, vimeno hivyo hukamata meno ya duara la ndani na kuliburuta gurudumu. Mguu unapotulia, duara hupita juu yake, vimeno vinainama na kuinuka, vinainama na kuinuka, na kila kuinuka kunatoa mlio mkavu ambao mtoto yeyote wa mtaani anaweza kuuiga kwa ulimi. Jambo la kuzingatia ni mahali mlio huo ulipowekwa. Katika vyombo vingine vyote vya barabarani sauti ni ushahidi wa kazi: injini ya bodaboda hunguruma zaidi inapopanda, na lori humaliza mlima likiwa limetangaza taabu yake kwa mtaa mzima. Baiskeli hufanya kazi kimya na kutangaza mapumziko. Anayekanyaga hasikiki, anayeserereka ndiye anayelia. Ni mgeuzo wa kifani wa hali ya juu, na athari yake kwa mwendeshaji ni kwamba furaha ya mteremko haiji kama hisia tu bali kama sauti iliyopimwa, ya haraka pale kasi inapokuwa kubwa, ikilegea tik kwa tik hadi anaposikia, kabla hata ya kuhisi, kwamba ni wakati wa kukanyaga tena. Fundi akiijaza friwili grisi nzito mlio hufifia, na nimewasikia waendeshaji wazee wakilalamika kwamba baiskeli imefanywa bubu. Wanalalamikia fani, na wana haki.

Ukwapi wenyewe ni wa takriri. Alfajiri, mwanga ukiwa bado haujaamua, barabara inaelekea kaskazini-magharibi huku bahari ikiwa upande wa kulia nyuma ya minazi, kuta za hoteli za pwani na viwanja vilivyozungushiwa mabati, na kinachojirudia ni kingi kuliko kinachobadilika: mama wa vitumbua na jiko lake mahali pale pale, wanafunzi wa sare wanaonyosha mikono kwa daladala zisizotaka kuwachukua, tuta, kisha tuta, kisha tuta. Juu ya matuta nina la kusema. Kwa gari, tuta ni adhabu inayolingana kwa wote. Kwa baiskeli kuna upenyo: pembezoni, lami inapokutana na mchanga, mjenzi hulimaliza tuta kabla ya ukingo ili maji ya mvua yapite, na njia hiyo ya maji ina upana wa tairi moja na hofu kidogo. Kuupita upenyo huo bila kupunguza mwendo, bila kugusa mchanga, bila kumgusa mtembea kwa miguu ambaye naye ameuona, ndiyo tamathali ndogo ya ukwapi, inayorudiwa kila tuta kwa namna ile ile na kamwe si kwa namna ile ile. Msomaji wa kawaida wa njia hii hasomi barabara. Barabara anaijua kwa moyo. Anachosoma ni mabadiliko tu, rundo la kokoto lililomwagwa usiku, shimo ambalo masika yamelifungua upya, lori lililoegeshwa mahali ambapo jana palikuwa na uwazi. Ujuzi wa kukariri, ambao katika elimu yetu umetukanwa vya kutosha, hapa ndio unaozaa usomaji makini, kwa sababu ni aliyekariri pekee anayeweza kuona neno moja lililobadilishwa.

Upepo nao una nafasi yake katika kipande hiki. Kusi inapotawala, takriban kuanzia Mei hadi Septemba, huvuma kutoka kusini-mashariki, na mwendeshaji wa asubuhi huipata mgongoni. Kaskazi ikishika zamu mwishoni mwa mwaka, humjia kwa ubavu wa kulia na kumlazimisha kuegemea kidogo, kiasi ambacho anayemtazama hawezi kukiona. Asubuhi ya kusi ina hatari ya kifani ninayotaka kuitaja: wepesi wake ni wa kuazima. Mizani inakuja bila jitihada, mwendeshaji anajiona hodari, na anafika Feri akiamini kwamba kazi ni yake.

Kisha maji. Ni hapa ambapo safari hii inazipita nyingine zote, na ni hapa pia ambapo wengi wanaiona ina kasoro. Barabara inateremka hadi kwenye zege la gati na kukatika. Mbele kuna mita mia kadhaa za maji ya bandari, na chombo kiko upande wa pili, au kiko katikati, au kimesimama kuipisha meli ya makontena inayoingia bandarini taratibu, ndefu hata ikaficha mji mzima kwa dakika kadhaa. Mwendeshaji anashuka. Kushuka huku si jambo dogo, kwa kuwa tangu nyumbani alikuwa nafsi moja na chombo, na sasa wametengana: yeye ni mtu anayesukuma kitu. Mwili ambao ulikuwa ukizalisha kipimo chake wenyewe unaingizwa katika kipimo cha umma, cha kadi inayogusishwa getini, cha honi, cha mlango mpana wa chuma unaoshuka na kukwaruza zege kwa kishindo kinachosikika nyayoni. Magari yanapangwa kwanza au abiria wanamiminika kwanza, kadiri wasimamizi watakavyoona siku hiyo. Baiskeli hazina zamu yao rasmi. Hupenya kati ya zamu mbili, pedeli ikielekezwa nyuma isimchune mtu muundi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine juu ya tandiko, na kuishia kwenye ukuta wa chuma wa kando, karibu na wachuuzi wenye matenga matupu wanaoliwahi soko la samaki.

Uvukaji wenyewe huchukua dakika chache tu. Kifani, dakika hizo ni tupu, na utupu wake umepangwa vizuri. Hakuna anachoweza kufanya mwendeshaji kuufupisha, mizani imesimama, jasho, lililokuwa likikaushwa na mwendo, sasa linapata nafasi ya kutoka lote kwa pamoja, na upepo wa mlango wa bandari unalichukua. Mapigo ya moyo yanashuka. Anaona kwa mara ya kwanza alikokuwa akielekea, paa jekundu la kanisa la Azania Front, mnara wake, na nyuma yake majengo ya vioo ambayo kila mwaka yanaongezeka moja, na akigeuka anaona minazi ya alikotoka. Katika njia yoyote nyingine ya kwenda kazini, mwanzo na mwisho havionekani kwa jicho moja. Hapa vinaonekana, kutoka katikati, na ni pumzi ndiyo inayoviweka hivyo. Nitaiita hali hii ukatizo-maono: ukatizaji wa mwendo ambao kazi yake haiishii kumpumzisha msomaji, bali unampandisha mahali ambapo umbo zima la anachokisoma linadhihirika. Mghani mzuri hufanya vivyo hivyo kati ya ukwapi na utao. Asiyejua husikia kwamba amenyamaza.

Najua pingamizi litakalotolewa na msomaji wa upande wa Kibada. Tangu mwaka 2016 kuna Daraja la Nyerere huko Kurasini, la mita 680, lililoning'inizwa kwa nyaya kutoka kwenye minara yake, na baiskeli inaweza kuvuka bila kushuka, bila kusubiri, bila kumwomba mtu radhi. Ni kweli, na kama jengo daraja hilo lina uzuri usiobishaniwa. Nyaya zake zikitazamwa kutoka chini jioni zinastahili uhakiki wake wenyewe. Lakini tunajadili mshororo. Daraja linaondoa pumzi na kuunganisha vipande viwili kuwa kimoja, na anayelitetea husema kwamba huo ndio uhuru, kama wale waliolitetea shairi huru enzi za Kichomi, diwani ya Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Ulinganisho huo haulisaidii daraja. Shairi huru lililotungwa vizuri haliondoi pumzi. Linaihamisha kutoka mahali palipowekwa na desturi na kuiweka mahali panapodaiwa na wazo. Daraja halihamishi pumzi popote. Linapandisha, linashusha, na kumtema mwendeshaji katika barabara ya malori ya bandari akiwa bado na kasi ya mteremko na bila hata dakika moja ya kukusanya akili. Kwa anayewahi kazi ni suluhisho zuri, na siku za dhoruba au pantoni linapoharibika nalipita kwa shukrani. Ila silisomi mara mbili.

Utao unaanza na harufu. Pantoni likigusa gati la Magogoni, kabla ya macho kupata kazi, pua inapata soko la samaki, na ni vyema hivyo, kwa kuwa baada ya hapo macho hayatapumzika tena. Sintaksia inabadilika kabisa. Sentensi ndefu za Kigamboni, ambapo wazo moja la miguu lingeweza kuendelea dakika kumi, zinakatwakatwa: kituo cha mwendokasi cha Kivukoni na mabasi yake yanayochomoza kutoka kwenye njia yaliyopewa peke yake, bajaji inayogeuka bila taa, mwuza madafu ambaye baiskeli yake, ikiwa na shehena ya madafu pande zote mbili, ina upana wa gari dogo na haki ya kutopishwa na mtu. Kila kishazi kinahitaji uamuzi. Kukanyaga hakupo kwa wingi tena. Kilichopo ni kuachia, breki, mguu chini, kukanyaga mara mbili, kuachia, na mlio wa friwili unaosikika vipande vipande.

Nafsi ya msimulizi nayo inabadilika upande huu, na badiliko hilo linastahili neno. Juu ya tandiko la baiskeli ya inchi 28, macho ya mtu mzima hupita juu ya paa za magari madogo, hata akaona mwisho wa foleni ambayo dereva aliye ndani yake hauoni. Wakati huo huo yuko chini kabisa ya usukani wa lori na basi, ambao madereva wao hawamwoni. Kwa hiyo ni msimulizi mwenye ujuzi mwingi na mamlaka kidogo, anayeelewa mtaa mzima bila kuwa na uwezo wa kumwamuru yeyote. Makondakta humwita kwa jina la chombo chake: "Baiskeli, kaa pembeni!" Nafsi na chombo, vilivyotenganishwa pantonini, vinaunganishwa tena kwa kelele.

Kilele cha utao nakiona penye Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927, na bunduki yake yenye bayoneti imeelekezwa bandarini, jambo lenye maana kwamba anayetoka Feri huijia uso kwa uso na kulazimika kuizunguka. Mzunguko huo ni mahali pekee katika utao wote ambapo njia inaruhusu mkunjo: magari yanapanga duara, baiskeli inainama ndani ya duara hilo, na kwa sekunde kadhaa kuna mstari mmoja usiokatwa, uliochorwa kwa kiuno zaidi kuliko kwa mikono. Baada ya hapo ni Mtaa wa Maktaba, kuvuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed kwa taa na kwa dua, kisha vivuli vya Upanga, ambako mwendo unaruhusiwa kulegea. Kipande hiki cha mwisho sikikawilii. Ni kizuri bila kuwa na utata, na uzuri wa namna hiyo hauhitaji mhakiki.

Inaweza kudhaniwa kwamba safari ya jioni ni mshororo huo huo uliosomwa kinyumenyume. Si hivyo hata kidogo, na kosa hili linatokana na kuitazama njia kama ramani. Ramani inageuzika, matini haigeuziki. Asubuhi njia ilijengwa kutoka upana kwenda wembamba, kutoka takriri kwenda mshangao. Jioni inaanza na mshangao ikiwa na mwili uliokwisha kaa siku nzima kwenye kiti, na kumalizia na takriri ambayo sasa imekuwa ya uzito. Askari anapewa mgongo, na bayoneti yake inaelekeza tunakokwenda. Pantoni la jioni limejaa kiasi kwamba baiskeli inabebwa zaidi ya kusukumwa, na pumzi ile ya asubuhi, iliyokuwa ya maono, inakuwa ya mashavu ya watu na mifuko ya nyanya; umbo la pumzi limebaki, kilichomo ndani yake ni kingine kabisa.

Baada ya maji ndipo kusi inapodai ilichoazimisha. Barabara sasa inaelekea kusini-mashariki, upepo uko usoni, na hata nje ya majira ya kusi upepo wa bahari wa alasiri haukosekani. Kila mzunguko wa pedeli bado ni mita tano na nusu, wala haukubali kuwa tano. Hapa ukali wa gia moja unaonekana kwa uso wake wa pili. Asubuhi ulikuwa nidhamu iliyovaliwa kirahisi, jioni ni sheria inayotekelezwa. Mlio wa friwili hausikiki karibu njia nzima, kwa sababu hakuna kuachia: mguu ukitulia, upepo unaisimamisha baiskeli. Mshororo wa asubuhi ulikuwa na sauti na vituo; wa jioni ni kimya kirefu cha kazi, na nimekuja kuupenda zaidi, japo ningepata tabu kumshawishi mwendeshaji aliye katikati yake.

Giza likiingia, na kwetu linaingia kwenye saa kumi na mbili na nusu pasipo kuchelewa sana mwaka mzima, dainamo inateremshwa ikaegemea tairi. Ni chombo cha kusikitisha kidogo na cha kweli sana. Inakula nguvu ya mguu ambao tayari unapambana na upepo, na inatoa mwanga kwa kadiri ya kasi: kwenye mteremko taa inang'aa mahali ambapo njia ni rahisi, kwenye mwinuko inafifia mahali ambapo shimo linaweza kuwa, na mwendeshaji akisimama kabisa kwenye makutano, pale ambapo anahitaji kuonekana kuliko mahali pengine popote, inazimika. Kama tamathali ya uandishi ningeisifu, kwa kuwa ni maandishi yanayosomeka tu wakati yanapoandikwa. Kama taa ni ubunifu mbovu, na msomaji mwenzangu asiyependa kufa kwa ajili ya fani na anunue taa ya betri ya kufunga nyuma.

Kuna pia makosa ya uchapaji: pancha. Haiingii katika muundo lakini inauvunja, na palipovunjika panaonyesha jinsi kitu kilivyoungwa. Fundi wa kando ya barabara, chini ya mwembe wake, haulizi msumari uko wapi. Anaitoa tyubu kwa vijiko viwili vya chuma, anaijaza upepo, anaipitisha sehemu kwa sehemu ndani ya karai la maji machafu, na kusubiri mapovu. Macho yake hayaondoki kwenye maji hata akiulizwa habari za nyumbani. Povu likitokea, anaweka kidole, anafuta, anakwaruza kwa msasa, anapaka solusheni, na kisha, hatua ambayo mafundi wabaya huiruka, anaiacha solusheni ikauke kabla ya kubandika kiraka. Baada ya kubandika anaipitisha tyubu yote majini mara ya pili, kwa sababu tundu moja likizibwa ndipo la pili linapojitokeza. Wahariri wa vitabu vyetu wangeweza kukaa kwenye benchi lile asubuhi moja na kutazama.

Imebaki kasoro kubwa ya kazi hii, na ni kasoro ya mwisho wake. Mshororo wenye ukwapi uliopimwa hivi, pumzi iliyokaa mahali pake na utao unaopanda hadi kilele ulistahili kina cha mwisho, na haukipati, kwa kuwa ofisi ninakokwenda haina mahali pa baiskeli. Uani pake pana maegesho ya magari yaliyochorwa mistari ya rangi nyeupe, kila kisanduku kikiwa na cheo cha mwenye nacho. Baiskeli inapelekwa nyuma ya jenereta kwa maelekezo ya mlinzi, ambaye hana ubaya wowote na amechoka kuulizwa. Mtu aliyevuka maji na kumzunguka Askari anamalizia safari yake akiwa amepiga magoti kwenye mafuta ya dizeli, akitafuta kitu cha kupitishia mnyororo. Kila mwendeshaji wa jengo hilo amejitungia kina chake: mmoja hufungia kwenye mwarobaini wa nje ya ukuta, mwingine hupandisha chombo chake ngazi hadi ghorofani na kukiweka nyuma ya makabati ya mafaili. Mimi natumia bomba la maji lililo kando ya tangi, na mlinzi ameshaniambia kwamba litang'olewa baada ya sikukuu.